Funguo za Petro

Mlinzi wa ghala hutia funguo zote katika pete moja ya chuma, akaifunga kiunoni, usipotee hata mmoja. Lakini ghala si lake. Hufungua na kufunga kwa amri ya bwana wake.

Vivyo hivyo Yezu Kristu alimpa Mtakatifu Petro funguo za Ufalme wa mbinguni. Ndiyo maana katika nembo ya Papa huonekana funguo mbili, mmoja wa dhahabu, mmoja wa fedha, zimefungwa kwa kamba moja.

Padri naye aondoleapo dhambi, hafungui kwa uwezo wake mwenyewe, bali kwa uwezo wa Kristu. Basi mkristu aliyeanguka dhambini baada ya ubatizo asikae nje kwa haya. Na aende kuungama: funguo hazikupotea.