Wimbo wa Shirika

Muziki humfikia kijana kwa njia tatu: hurithiwa, huazimwa au hutungwa. Wa kurithi ni ule aliouzaliwa nao, kama ngoma ya mwomboko, ambayo wazee wa Nyeri na Murang'a huicheza wawili wawili kwa sauti ya kodiani na mlio wa chuma. Wa kuazima ni ule uliotungwa mbali kwa ajili ya watu wengine, kama kazi za Mozart na Beethoven. Wa kutungwa ni ule ambao bado haupo, wala hautakuwapo mpaka mtu mmoja auombe na mwingine auandike. Njia mbili za kwanza zina wapitaji wengi. Ya tatu imeota nyasi. Je, vijana wa miji midogo wanastahili kutungiwa muziki wao wenyewe? Na kama wanastahili, ni nani apaswaye kuulipia?

Okestra ni jamaa ya ala. Humo mna fidla na selo, filimbi na tarumbeta, ngoma na matoazi, na kila moja ina sehemu yake ambayo peke yake haijakamilika. Muziki mwingi wa okestra uliandikwa kwa wachezaji waliokomaa na kwa idadi kamili ya ala. Okestra ya vijana aghalabu ina fidla nyingi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tarumbeta mbili, na selo moja tu. Ikipewa kazi ya wakubwa, wenye ujuzi husumbuka na wasio na ujuzi hunyamaza. Vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mzima humvaa mtoto, mtoto halivai. Fundi mwema huchukua kipimo kwanza. Vivyo hivyo mtunzi aliyeagizwa huuliza: mna ala gani, mikono yenu yaweza nini, na masikio yenu yamezoea nini? Halafu huandika.

Hapana budi kazi hiyo ilipwe, na malipo yake huzidi nguvu za shule moja. Hapo ndipo shirika hufaa. Tuseme mtunzi ataka shilingi 210,000. Kwa mji mmoja ni mzigo mkubwa. Lakini tuitazame miji inayouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki. Ni saba. Kila mmoja ukitoa shilingi 30,000, kazi imelipwa. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kazi mpya iliyoagizwa na mji mmoja huchezwa usiku mmoja, kisha karatasi zake hulala kabatini. Iliyoagizwa na miji saba itasikiwa mara saba, na kila mji utajua kwamba una ndugu sita waufahamuo wimbo ule ule.

Jambo hili si ndoto. Katika nchi ya Marekani okestra ndogo 65, kutoka majimbo yote 50, zilishirikiana kumwagiza Joan Tower kazi moja, nazo zilipata pia msaada wa kampuni kubwa. Kazi hiyo, *Made in America*, ilichezwa kwanza mwaka 2005, si katika jiji kuu lenye sifa, bali katika mji mdogo wa Glens Falls, kisha ikazunguka nchi nzima. Okestra hizo hazikuwa tajiri. Ziliweza kwa sababu zilikuwa nyingi.

Mtu mwenye busara atapinga. Atasema kuwa kuna shule ambazo paa zake zavuja, na kuna wanafunzi wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Yawezekanaje kununua wimbo? Pingamizi hili ni la haki, wala halijibiwi kwa maneno matamu. Fedha ya karo isiguswe, na mtoto yeyote asifukuzwe wala asitengwe kwa kukosa mchango wa muziki. Mchango uwe wa hiari, utoke kwa wazazi wenye nafasi, wafanyabiashara, na viingilio vya tamasha. Lakini pingamizi hilo likivuka mpaka huo na kusema kuwa maskini hahitaji uzuri, hapo limepotoka. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, ambako umaskini ni mkali, vijana wa Ghetto Classics wamejifunza ala za okestra, wala hakuna aliyewaona wakicheza akasema kuwa wamepoteza wakati. Umaskini hupunguza chakula mezani. Tusiuruhusu upunguze pia heshima ya mtu.

Mpinzani wa pili atakumbusha kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Miji saba itamvuta mtunzi huku na huko: Meru watataka ngoma yao, Nyeri watataka yao. Jibu ni kutenganisha shauri na kalamu. Washiriki na washauriane mapema juu ya urefu wa kazi, ugumu wake na ala zilizopo. Wakiisha kuafikiana, wamwache mtunzi afanye kazi yake. Tena historia yetu yaonyesha kuwa hata kalamu yenyewe yaweza kushikwa kwa shirika. Wimbo wa Taifa wa Kenya, wa mwaka 1963, ulitayarishwa na watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Chombo chao hakikwenda mrama.

Wimbo huo watufunza jambo jingine. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Wapokomo hukaa kando ya mto Tana, na mto huo huanzia katika milima ya Nyandarua, karibu na Nyeri, ukapokea vijito vya Mlima Kenya kabla ya kuteremka pwani. Maji yalishuka kutoka kwetu bila kudai malipo. Wimbo ukapanda kutoka kwao ukawa wa wote. Kwa hiyo anayechukua sauti ya watu kuitia katika kazi mpya ana deni: awataje, awashukuru, na kama kuna pato, awakumbuke.

Haki yamhusu mtunzi pia. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimepatana vinginevyo. Mtunzi kijana asiyejua hilo aweza kujikuta mgeni katika nyumba aliyoijenga. Yafaa miji ipatane naye kwa maandishi: wao wapate haki ya kuicheza kwanza na kuicheza daima, naye abaki mwenye kazi yake. Shirika linalomdhulumu mmoja ili kuwapendeza wengi si shirika. Ni uporaji wa pamoja.

Basi haki ya kutungiwa ipo, na wa kuulipia wimbo ni wengi, kila mtu kwa kadiri yake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili kijana acheze kwao, lazima pawepo kitu cha kwao cha kucheza, na kitu hicho hakishuki kutoka kileleni pamoja na theluji. Huombwa, huandikwa, hulipiwa na hufanyiwa mazoezi. Wewe msomaji, ikiwa shuleni kwenu mna fidla tatu na filimbi mbili, usiulize kwanza ni kazi gani kubwa ya ulimwengu mnayoweza kuiiga. Uliza shule ya mji wa pili ina ala gani. Swali hilo dogo ndilo mwanzo wa shirika.