Rakaa Mbili, Rakaa Nne

Mwenzangu alipotoa salamu baada ya rakaa ya pili, mimi niliinuka. Sakafu ya gari-nyumba letu hulia ukiikanyaga karibu na friji, na hapo ndipo unapoingia mswala wangu, hapana pengine. Ikalia. Yeye akabaki amekaa mbele yangu, bega limegusa mguu wa meza, akivuta tasbihi na kuningoja nimalize mbili zangu. Hakugeuka wala hakukohoa. Imamu msafiri, maamuma mkaazi, na baina yao hapafiki hata pima moja.

Ilikuwa alasiri ya siku ya kwanza. Tulikuwa tumeegesha kupita mji wa Barrie, kilomita mia na kitu kutoka kwetu Scarborough, viungani mwa Toronto. Tumestaafu sote wawili: yeye alikuwa dereva wa basi, mimi muuguzi wa wodi ya wazee. Gari tulilinunua kuukuu, futi 26, kwa mzee aliyefiwa na mkewe na hakutaka tena kuliona likisimama mlangoni pake. Lina kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, choo ambacho mtu huingia kwa kujikunja, tangi la maji safi, tangi la maji ya vyombo, na tangi la tatu ambalo kulimwaga ni kazi ya mwanamume. Hilo tuliafikiana kabla ya kulipa. Wajukuu huliita Konokono. Yeye ni mtoto wa Lamu, mjukuu wa nahodha, huliita jahazi. Kitandani ni tezi, kwenye usukani ni omo, na nikimuuliza wapi miwani yangu hunijibu, "Iko tezi."

Kamusi huyaita majira haya vuli. Kwetu Mombasa vuli ni mvua, ile ndogo ya mwisho wa mwaka. Huku ni miti kuvua nguo. Mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, huwa mwekundu kama mdomo wa mla tambuu, na watu wa umri wetu hutoka makundi kwa makundi kwenda kuutazama, kisha kila mmoja hurudi na maneno ya kufananisha majani na uzee. Mimi nimewalea wazee miaka 27. Sikumwona hata mmoja aliyegeuka mwekundu.

Swali la kupunguza sala au kuitimiza lilinianza kabla hatujaondoka. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo Kibokoni, mtaa wa kwetu Mombasa. Wavulana walikaa mbele yake, sisi wasichana nyuma ya pazia la kanga, na kitabu cha fiqhi kilikuwa Safina, kile kidogo cha mwanachuoni wa Hadhramaut kinachosomeshwa pwani yetu yote. Jina lenyewe maana yake merikebu. Masharti ya msafiri kupunguza sala yamo humo saba, na baba alituhesabisha kwa vidole, vitano vya mkono huu na viwili vya ule. Safari ifike marhala mbili, ambazo kwa hesabu ya leo ni kilomita 80 na kitu. Isiwe ya maasi. Sala iwe ya rakaa nne, kwani alfajiri na magharibi hazikatwi. Na asimfuate imamu anayetimiza, maana anayemfuata mwenye kutimiza naye hutimiza, hata kama alinuia mbili. Hilo la mwisho lilinichekesha nikiwa mtoto. Niliona kama mtu aliyepanda basi la wengine. Kwa Kiarabu kupunguza huko huitwa kasri, neno lile lile la nyumba ya mfalme. Humu ndani hilo pia hunichekesha.

Vitabu vikubwa zaidi huongeza kuwa msafiri ajue aendako. Anayezurura, leo hapa kesho kule bila makusudio, hana ruhusa ya kupunguza.

"Twenda wapi?" nikamuuliza jikoni, ramani iko mezani.

"Kutazama majani."

"Majani si mji."

Akanitazama kwa muda, akajua hapo nimesema kama binti wa mwalimu. Kidole chake kikapanda juu ya ramani, kikapita Sudbury, kikapita Sault Ste. Marie, kikafuata ukingo wa Ziwa Superior mpaka kikatua. "Wawa," akasema. "Nuia Wawa." Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka kwetu. Kwa Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, jina hilo ni la bata bukini; kwa Kiswahili mwili ndio unaowawa. Basi tulikwenda Wawa kwa sababu ya fiqhi, na sidhani kama yuko mwingine aliyepata kwenda huko kwa sababu hiyo.

Masharti yote yakatimia, naye akasali mbili kwa raha zake. Mimi nikasali nne. Kutimiza si kosa. Katika madhehebu yetu ya Shafii msafiri ana hiari. Lakini alitaka kujua kwa nini, nami nikamtolea hoja ya baharia. Wanavyuoni walijiuliza zamani: mtu anayeishi chomboni, na mkewe na wanawe wamo humo humo, naye ni msafiri? Imam Ahmad alisema huyo atimize, maana nyumba yake ndiyo hiyo inayoelea. Mashafii wakasema ana ruhusa ya kupunguza, ila bora atimize, ili atoke kwenye hitilafu. Nikamwonyesha: sufuria yangu hii, mto wangu huu, mume wangu huyu, hata mbuzi yangu ya kukunia nazi iko chini ya kochi. Safari iko wapi?

"Baharia yule hana nyumba nchi kavu," akajibu. "Sisi tunayo, na rehani tumemaliza kulipa."

Nikamletea Sayyidna Uthman. Alipotimiza nne kule Mina watu walishangaa, na katika sababu zilizotajwa ipo moja kwamba alikuwa ameoa Makka; aliye na mke mahali si mgeni hapo. Mwenzangu akasema sababu hiyo imetiwa ila, na kweli imetiwa. Kisha akanipiga kwa hadithi ambayo hata asiyesoma anaijua: Sayyidna Umar alimuuliza Mtume mbona bado tunapunguza na hofu imeondoka, akaambiwa hiyo ni sadaka aliyowapa Mwenyezi Mungu, ipokeeni.

"Sasa wewe sadaka ya Mola wako wairudisha?"

Sikuwa na jibu. Niliwasha jiko nikabandika chai.

Siku ya tatu tulifika Agawa, ambako barabara inateremka hadi kwenye ziwa lenyewe. Kambi yake ni dago hasa, kama dago la wavuvi: umefika, umewasha moto, na kila mtu ajua kwamba baridi ikibisha mtahama. Mwenzangu haridhiki na maegesho mpaka aweke pimamaji juu ya meza. Alitoka mara nne kuongeza vibao chini ya gurudumu la kushoto, akarudi, akainama kutazama tone lile la hewa ndani ya kichupa, akatoka tena. Nilipasua yai kwenye kikaango, nalo likakimbilia upande mmoja. Mara ya tano likatulia katikati.

Kisha tukashuka ufukweni. Ziwa lile halina ng'ambo. Mawimbi yanakuja kama ya kusi, mchanga ni mchanga, lakini hakuna harufu ya chumvi, na mtu wa pwani hapo huona kama ametazama uso wa nduguye akakuta si yeye. Mwenzangu alichota kwa kiganja akaonja, kama afanyavyo kila mara. "Bado," akasema. Miaka thelathini na kitu angoja litie chumvi.

Kibla cha huku pia sikukizoea. Kwetu Mombasa Makka iko kaskazini moja kwa moja, na nyumba ya mama yangu ilielekea huko bila mtu kufikiri. Ontario kibla ni kaskazini mashariki, na gari likiegeshwa vibaya mtu husali mshazari, kichwa chini ya meza. Usiku ule, baada ya isha, mbili zake na nne zangu, sakafu ikilia tena chini yangu peke yangu, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia kwa miaka minane.

Mama alipofariki, kazini walinipa ruhusa ya siku chache. Ukitoa kwenda na kurudi zilibaki siku tatu za kukaa Mombasa. Nilifika maiti keshazikwa. Sala nyingi nilizisali nyuma ya kaka yangu, yeye mkaazi, nikatimiza naye kwa lazima. Lakini usiku wa pili nilichelewa jikoni na vikombe vya wageni wa matanga, nikaisali isha peke yangu chumbani mwa mama, kando ya kitanda chake cha samadari, juu ya mkeka wake. Binti wa mwalimu hawezi kujifanya hajui. Chini ya siku nne kamili, nia ya kuondoka ninayo, tikiti iko mkobani: mbili. Nikatoa salamu. Dada alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na fagio, akingoja niinuke.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbili?" Kisha akakumbuka. "Aah. Wewe ni msafiri."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu aliyekumbuka kwamba fulani hali dagaa. Akaendelea kufagia.

Mwenzangu alinisikiliza bila kukatiza. Hita ya gesi ilikuwa ikivuma. Nikamwambia kwamba baadaye nilijituliza kwa yale ya Mtume: alipoifungua Makka, mji aliozaliwa na kutolewa, alisali humo sala ya msafiri. Na Sayyidna Umar alipokuwa akienda Makka aliwasalisha mbili, kisha akawaambia watu wa Makka watimize wao, maana sisi ni wasafiri. Kama wao walikuwa wageni kwao, mimi ni nani? Hoja ni nzito, naikubali kwa akili. Lakini tangu siku ile sikupunguza tena popote: si uwanja wa ndege, si kwa binti yetu Ottawa, si Barrie. Nilitafuta kila kauli inayonipa nne. Baharia nilimkuta kitabuni nikamshika kanzu.

Na lipo la pili, ambalo nililiona nilipokuwa nikisema. Tulikuja Kanada 1989 kwa nia ya miaka mitano. Kwa miaka kumi tulilia sahani za plastiki, kwani za udongo utazibebaje ukirudi? Kila Idi tulisema mwakani tutakuwa kwetu. Inasimuliwa kwamba Ibn Umar alizuiwa na theluji Azerbaijan miezi sita, na miezi yote hiyo alipunguza sala, kwa kuwa hakunuia kukaa. Theluji sisi tulikuwa nayo ya kutosha. Lau tungejisadiki kuwa ni wapita njia, tungetafuta hata fatwa. Hatukuitafuta. Tangu wiki ya kwanza, katika chumba cha kupanga ambacho hita yake iligonga usiku kucha, tulisali nne. Mdomo ulisema twarudi, na magoti yalikwisha kukubali. Sheria haikuuliza moyo umelala wapi. Iliuliza tu, wanuia siku ngapi? Na mara zote mbili, Toronto na Mombasa, nilijijibu mwenyewe bila ya kulazimishwa na kadhi yeyote. Hilo ndilo lililoniuma, si neno la dada.

"Kwa hivyo zile nne si za baharia," akasema mwenzangu.

"Si za baharia."

Akazima taa.

Wawa tulifika adhuhuri ya kesho yake. Wana sanamu ya bata bukini wa chuma, mrefu kuliko gari letu, ametandaza mabawa juu ya barabara. Tulipiga picha, tukanunua mkate na mafuta ya dizeli ya bei ya kutisha. Wale bata wenyewe walikuwa wakipita juu kuelekea kusini, wakigombana kwa sauti kama abiria wa feri ya Likoni. Mwendo wetu ulikuwa umefika ulikonuiwa, na mwenda tezi na omo, marejeo ngamani, tukageuza.

Usiku huo tuliegesha tena Agawa. Nilipotawadha, na maji ya tangi yalikuwa kama sindano, nilikuwa nimekata shauri. Sadaka ni sadaka. Usiku huu nitaipokea, kwa hiari yangu, si kwa tikiti iliyo mkobani. Nikasimama nyuma yake, nikanuia isha rakaa mbili.

Akasoma kwa sauti, Alhamdu na sura fupi, mara mbili. Tukakaa tahiyatu. Nikamaliza yangu nikangoja ageuze uso kuliani. Badala yake nikasikia takbiri, na mgongo wake ukapanda mbele yangu, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza kwa sababu ya goti lake bovu.

Anayemfuata mwenye kutimiza naye hutimiza. Nikainuka. Sakafu ikalia.

Baada ya dua sikumwambia nilichonuia, naye hakusema kwa nini. Aliinama akaitazama pimamaji mezani, akachukua tochi, akasema jahazi limelalia kushoto na anakwenda kuongeza ubao.