Alichagua Mwenyewe?

Mwanafunzi wa Kongwa, mkoani Dodoma, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), akapata A mbili na B moja, ana pointi 14, na hawezi kuomba udaktari Chuo Kikuu cha Dodoma wala chuo kingine nchini. Mwenzake wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye D tatu ana pointi 6, na anaruhusiwa kuomba, ingawa kwa ushindani uliopo ni vigumu kupata nafasi. Kigezo chenyewe sikipingi; daktari asiyejua Kemia ni hatari kwa mgonjwa. Ninachokipinga ni jibu analopewa yule aliyefungiwa mlango: alichagua mwenyewe.

Aristotle alifundisha kwamba anayetenda bila kujua mambo ya msingi ya tendo lake hawezi kuhesabiwa ametenda kwa hiari. Tuuangalie uamuzi wenyewe, basi. Kwa utaratibu tuliouzoea, hauanzi kwenye fomu ya tahasusi. Huanza pale mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu, Fizikia na Kemia zinapokuwa masomo ya hiari. Katika shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia, ambako maabara ni chumba chenye meza ndefu na sinki zisizotoa maji, mtoto anayeacha somo hilo anaacha kitu ambacho hakuwahi kufundishwa sawasawa. Siku hiyo ameaga udaktari, uhandisi na famasia, wala hajui kama ameaga. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Ni hatua njema, ila wingi wa njia unamsaidia nini asiye na wa kumweleza kila moja inafika wapi?

Wapo watakaosema kwamba kijana wa miaka 16 si mjinga, na kumwondolea lawama ni kumdharau. Hoja hii ina uzito, nami nakubali kwamba uvivu wake ni wake. Lakini akili haizibi pengo la taarifa, na ushahidi upo hapahapa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga wakiwa na wataalamu, matrekta na fedha nyingi, kabla ya kuijua vizuri mvua na udongo wa Ugogo. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikabebwa na hazina ya Uingereza. Wale walikuwa watu wazima, tena wenye madaraka, na bado gharama ya kutojua kwao ililipwa na wengine. Mtoto wa mkulima wa mtama hana hazina ya kumfidia.

Wengine watasema milango ya kurudi ipo: kubadilisha machaguo mtandaoni baada ya matokeo, kupitia stashahada, au kusoma kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Kwa baadhi ipo kweli, na ni vizuri ipo, ila mingi inadai ada na miaka, na anayeijua mapema ni yule mwenye ndugu aliyepita chuo. Yupo pia anayejituliza kwa kusema riziki hupangwa na Mungu. Imani hiyo siigusi, lakini haimpi ruhusa mwenye kujua anyamaze; Ukristo unamhesabia kosa anayelijua jema asilitende, na Uislamu anayeficha elimu aliyoulizwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama namtwika anayejua. Kabla kidato cha pili hakijamalizika, mwalimu wa taaluma awaite wanafunzi na wazazi wao, awasomee kwa Kiswahili vigezo vya kozi kadhaa kutoka kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na shule iseme wazi masomo yasiyo na mwalimu. Hata hilo halileti mwalimu wa Fizikia. Huyo ni deni la serikali. Ila mwenye mwalimu na maelezo yote, akachukua HKL kwa kuipenda historia, hapo naafiki: amechagua mwenyewe.