Deni la Jirani na Msamaha wa Mungu

Katika Kiwalani, mjini Dar es Salaam, nyumba zimesongamana, na mara nyingi familia kadhaa za wapangaji hutumia ua mmoja. Sala ya jioni ya chumba hiki husikika katika chumba cha pili. Ukimkosea mtu mahali kama hapo huwezi kumkwepa: utakutana naye asubuhi bombani, na juma halitakwisha hujaketi naye katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Tuseme mama mmoja alikabidhiwa akiba ya wenziwe, akaitumia kwa haja zake, kisha akasema imeibwa. Shaka ikamwangukia mpangaji mwenziwe, ambaye mpaka leo aitwa mwizi. Miezi ikapita, yule mama akaenda kwa Padre, akaungama kwa machozi, akaondolewa dhambi. Je, mambo yamekwisha?

Wako wasemao kwamba yamekwisha, kwa sababu dhambi ni kati ya mtu na Mungu wake. Neno hili lina ukweli. Mungu hukosewa katika kila dhambi, wala msamaha wake haununuliwi. Asiwepo adhaniaye kwamba Mungu husamehe leo na kudai tena kesho. Lakini fedha haijarudi, na asiye na hatia angali akiitwa mwizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika fungu la 1459 kwamba maondoleo hufuta dhambi, lakini hayaponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Yatupasa, kadiri tuwezavyo, kurudisha kilichoibwa na kurudisha jina jema la aliyesingiziwa. Zakayo hakufundishwa hayo na katekisimu yoyote. Bwana alipoingia nyumbani mwake, furaha ya kupokewa ilimfungua mkono, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Na asiye na kitu cha kulipa? Alipe kidogo kidogo. Na hata akishindwa, aseme kweli. Jina la mtu halirudishwi kwa fedha, bali kwa ulimi uleule ulioliharibu, na huo hakuna aliye maskini kiasi cha kuukosa. Hapo ndipo penye uchungu, kwa maana wengi wetu twaona ni rahisi kutoa shilingi kuliko kusema mbele ya wenzetu, “Nilisema uongo.”

Na aliyekosewa je? Yeye naye asingoje malipo ndipo asamehe. Mfano tunao kwa jirani zetu wa Kongo. Sista Maria Klementina Anuarite Nengapeta, wa Shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa mjini Isiro tarehe 1 Desemba 1964, siku za uasi wa Simba, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi. Kabla ya kufa alimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Hakungoja kuombwa. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa. Msamaha wake haukuligeuza tendo lile kuwa jema; ulimzuia yeye asife na chuki moyoni.

Basi, kusamehe ni kazi ya aliyekosewa, na kutengeneza kilichoharibika ni kazi ya mkosaji. Wala mmoja asimngoje mwenziwe. Aliyekosewa aweza kudai haki yake, lakini bila chuki. Mkosaji naye asiufanye wema wa jirani kuwa kisingizio cha kutolipa.

Ndugu wasomaji, tukitoka kuungama, njia ya kurudi nyumbani yapita mlangoni pa jirani. Tusipite tukiwa tumeinamisha macho. Tusimame, tubishe hodi.