Kujitenga na Wenzetu Siku ya Furaha Yao

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu waumini, kijana mmoja wa msikiti huu, mfinalisti, ameniuliza: "Shehe, matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, naweza kwenda kufurahi na wenzangu?" Nilikawia kumjibu, kwa maana katika jambo hilo nilikuwa na deni.

Nilimaliza mwaka wa sita wa sekondari hapa Kindu mwaka 1988, wakati wa Zaire. Nilitoka chuo cha Qurani, na darasani Waislamu tulikuwa wawili tu. Wenzangu walichanga pesa za picha ya darasa, sikutoa. Walikwenda kuagana na walimu, nilibaki nyumbani. Nilijiambia kwamba ninalinda dini yangu.

Majina ya waliopata diploma yaliposomwa redioni, wenzangu walipita barabarani wakiimba, vichwa vyeupe kwa poda kama mnavyoona kila mwaka. Mmoja alikuja mpaka mlangoni petu, kopo la poda mkononi. Huyo Mkristo ndiye aliyeniazima daftari lake kila Ijumaa nilipotoka mapema kwenda kuswali. Akaniita. Nikamtuma mdogo wangu aseme sipo. Oneni basi: nilikimbia pombe, ambayo hata hakuileta, nikaanguka katika uongo! Mama yangu alitoka akapakwa poda kwa ajili yangu. Aliingia ndani nywele nyeupe, hakunisemesha mpaka usiku.

Pombe ni haramu, hapo hatuna mjadala. Lakini Mtume (s.a.w.), kabla ya utume, alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, Makka, watu walipoapa kumtetea aliyedhulumiwa. Hawakuwa Waislamu. Baadaye, akiwa Mtume, alisema angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitikia. Na ametufundisha kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ni bora kuliko yule anayejitenga. Mimi hata maudhi sikupata, nililetewa pongezi.

Nikijichunguza leo, naona haikuwa dini peke yake. Kilikuwepo kiburi, na woga mwingi wa kuonekana na watu wa chuo nikicheka. Mwalimu wangu wa Qurani aliposikia hakunisifu. Aliuliza tu kama nimemshukuru mwenye daftari.

Sikumshukuru. Nilikutana naye Kalima miaka mingi baadaye, nikamwomba radhi. Alisema siku ile alijua nimo ndani: viatu vyangu vilikuwa mlangoni.

Kijana nimemjibu: nenda. Picha ya darasa, lipa. Pombe ikiletwa, aga vizuri uondoke, bila kuwakemea wenzako. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi na poda kichwani msimgombeze. Anawe, aswali Magharibi, kisha mpeni chakula.