Deni la Kilima Laisha Lini?

Mtu akivunja chungu cha jirani yake hulipa chungu, na shauri limekwisha. Lakini aliyevunja kilima atalipa nini? Naye atasema lini, «Nimekwisha kulipa»? Swali hili si la wataalamu peke yao. Latuhusu sisi tukaao Kolwezi, Fungurume na Likasi, ambako shaba ndiyo ilishayo nyumba nyingi.

Kwanza tuvitazame vilima vyenyewe. Waenda katika msitu wa miombo, mara waona kilima kisicho na miti, kimevikwa majani mafupi na maua. Shaba iliyomo udongoni ni sumu kwa miti mingi. Lakini mimea mingine imeizoea. Mmoja, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, humea hata palipokuwa na tanuru za wahunzi wa kale, karne nyingi baada ya moto kuzimika. Udongo hausahau upesi! Tena katika mimea ya vilima hivi, aina zaidi ya 30 hazipatikani penginepo ulimwenguni.

Basi shaba ikichimbwa, kilima huondoka pamoja na maua yake. Huko Tenke na Fungurume, ambako mgodi wa siku hizi ulianza kutoa shaba mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, walijaribu kurudisha kilichoondolewa. Udongo wa juu ulichukuliwa pamoja na mizizi na mbegu zake, ukawekwa mahali pengine. Mbegu nyingine zilipandwa, nyingine zikawekwa akiba Meise, karibu na Brussels. Ni kazi njema, nami naisifu.

Lakini utazame mmea uitwao Crotalaria cobalticola, wa jamii ya kunde, wenye maua ya manjano. Hauishi zaidi ya mwaka mmoja. Ukiupanda leo ukauona umechanua, bado hujajua neno. Hizo zilikuwa mbegu zako mwenyewe. Yakupasa kuwaona watoto wake, na watoto wa watoto wake. Kwa hiyo mtunzaji hupiga magoti, huweka mraba wa miti juu ya udongo, huhesabu mche kwa mche, mwaka huu na mwaka ujao, hata mwaka usio na habari yoyote ya kuandika. Hung'oa majani mageni. Huchunga moto pia, kwa maana moto wa mwanzo wa kiangazi hupita juu juu, lakini ule wa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka kabisa, huunguza vikali. Siku ya kupanda haikosi watazamaji. Kazi hii nyingine haina mtazamaji.

Nani basi aifanye? Sheria ya madini ya nchi yetu, ya mwaka 2002 na kurekebishwa 2018, yamwamuru mchimbaji kuweka amana ya fedha kwa kuitengeneza ardhi. Lakini migodi huuzwa. Mwaka 2016 mgodi wa Tenke Fungurume ulitoka kwa kampuni ya Kimarekani, Freeport-McMoRan, ukaenda kwa ya Kichina, China Molybdenum. Je, deni lilibaki kwa muuzaji? Hasha. Arithiye shamba hurithi na kesi ya mpaka wake.

Mtu atasema: «Watoto wangu wana njaa, nawe waniambia habari za kuhesabu maua?» Hasemi neno baya. Aliyepata shaba kidogo kuliko wote asidaiwe wa kwanza. Kumfukuza mchoma makaa kilimani, na kumwachilia mwenye malori, ni udhalimu mtupu. Hata hivyo, kilima kilichopandwa kisha kikaachwa ni ahadi ya uongo, nao watakaodanganywa ni wajukuu wa huyo mchoma makaa. Mimi naona hivi: ulinzi huo uwe kazi yenye mshahara, utoke katika mali ya shaba, na wapewe watu wa kijiji, ambao hupita hapo kila siku. Na daftari la hesabu likae kijijini, lisipelekwe mbali, ili mwana aliyejifunza kusoma alifungue na kumwuliza mkubwa wa mgodi: «Mwaka jana mliandika miche 40. Mwaka huu iko wapi?»