Mungu Humsikia Mtoto. Je, Sisi Tunamsikia?



Kila Jumapili tunawafundisha watoto wetu kwamba Mungu anamjua kila mmoja wao, hata nywele za vichwa vyao amezihesabu. Tunaamini hivyo. Lakini imani hiyo ina swali zito ambalo wazazi wengi hulibeba kimya kimya: kama Mungu anamjali kila mtoto, mbona wengine wanateswa hadi kufa, tena mikononi mwa watu wanaosali?

Swali hili haliko mbali nasi hapa Barking. Desemba 2010, huko Forest Gate, ng'ambo ya mto Roding, Kristy Bamu, kijana wa miaka 15 wa familia ya Kikongo inayoishi Paris, alikuja na ndugu zake kusherehekea Krismasi kwa dada yao mkubwa. Alijikojolea. Mwenzi wa dada yake akasema hiyo ni dalili ya kindoki, yaani uchawi. Kijana akapigwa siku kadhaa ili akiri, na siku ya Krismasi yenyewe akafa ndani ya bafu la maji. Machi 2012 dada na mwenzi wake walihukumiwa kifungo cha maisha katika mahakama ya Old Bailey.

Miaka 10 kabla yake, Februari 2000, Victoria Climbié alikufa hapa London akiwa na miaka 8. Wazazi wake kule Ivory Coast walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ili apate shule Ulaya. Naye alikuwa akijikojolea, na kanisani ikasemwa ana pepo. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulieleza mwaka 2003 kwamba ustawi wa jamii, polisi na hospitali walikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa. Sisi tulio wauguzi hatuwezi kuisoma taarifa ile kana kwamba inawahusu watu wengine.

Basi Mungu alikuwa wapi? Kuna majibu mawili tunayoyasikia misibani, na yote mawili tunayakataa. La kwanza ni kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Huko ni kumsingizia Mungu kazi ya mikono ya watu. La pili ni kwamba ni shetani tu. Hilo linawatoa lawamani watu wazima waliopiga, na wale walioona wakanyamaza.

Tutazame Maandiko yanavyoonyesha Mungu akimwokoa mtoto. Farao alipoamuru wavulana wa Kiebrania wauawe, Mungu aliwatumia wakunga wawili, Shifra na Pua, waliokataa amri. Musa alipowekwa mtoni, alimtumia dada aliyesimama akiangalia, na binti wa Farao aliyesikia kilio akahurumia. Hajiri kule jangwani alimlaza mwanawe chini ya kichaka akaenda kukaa mbali asimwone akifa. Biblia inasema Mungu alisikia sauti ya kijana mwenyewe, kisha akamwagiza mama arudi amshike mkono. Mungu alisikia, na kazi ya kushika akampa mtu.

Hatuna jibu la kwa nini wakati mwingine mtu huyo hafiki. Tunachojua ni kwamba anayeamini Mungu humsikia kila mtoto hana ruhusa ya kumnyamazisha mtoto hata mmoja.

Wengine watauliza, je, mapepo hayapo? Hatusemi hivyo. Lakini someni Marko sura ya 9. Baba alipomleta mwanawe anayeanguka na kutoa povu, Yesu kwanza alimuuliza baba hali hiyo imeanza lini. Ndilo swali la kwanza la muuguzi yeyote. Kisha akamshika mtoto mkono akamwinua. Hakumpiga, hakumnyima chakula, hakumtaka akiri lolote.

Na kuhusu kukojoa: ni jambo la kawaida kwa watoto, hata wakubwa. Husababishwa na usingizi mzito, kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo, hofu, au kuhamia nyumba ngeni. Mtoto aliyekuwa mkavu akianza tena, mpelekeni kwa GP. Akiwa pia na kiu kali, anakonda na kuchoka, apelekwe siku hiyo hiyo, huenda ni kisukari. Kumwombea ni vizuri, na maombi hayakatazi dawa.

Tunajua hofu iliyopo. Tunaogopa ustawi wa jamii watawachukua watoto, tunaogopa mambo ya makaratasi, tunaogopa jina la familia na la kanisa. Hofu hiyo si ya kubeza. Lakini uchunguzi una mwisho wake, na mtoto aliyezikwa harudi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kwa hiyo, ukikaa na mtoto wa watu wa chini ya miaka 16 kwa siku 28 au zaidi, nawe si babu, bibi, kaka, dada, mjomba, shangazi wala mzazi wa kambo, sheria inataka halmashauri ijulishwe. Shangazi wa mzazi, binamu au rafiki wa familia wanaingia hapo. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, piga 999. Wafundisheni watoto namba ya Childline, 0800 1111, ni bure. Na yeyote akisema mtoto fulani ni mchawi, hata akisema akiwa madhabahuni, asiachwe peke yake na mtoto huyo.

Jumapili hii, baada ya ibada, tuwaulize watoto wetu na wale tunaowalea wanaendeleaje, na tuwasikilize mpaka wamalize.

Mungu awabariki na kuwalinda watoto wetu wote. Amina.